Aliyesikiliza kwa Meno

Mara ya kwanza nilipomkuta Fundi kazini, alikuwa ameng'ata gitaa. Nasema ameng'ata, sikosei neno. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya banda lake, nyuma ya mashine za kukoboa mpunga hapa Ushirombo, gitaa kalilaza mapajani na shingo yake kaiinua mpaka usoni, na ule ubao wa juu unaofungiwa nyuzi ulikuwa katikati ya meno yake. Macho kayafumba. Kwa kidole cha kati alikuwa analigonga tumbo la gitaa taratibu, hapa, halafu pale, halafu anarudi palepale pa kwanza.

Nikasema shikamoo. Kimya. Nikarudia, safari hii kwa sauti ya darasani. Akafumbua macho, akalitoa gitaa mdomoni, akalifuta mate kwa upindo wa shuka lake.

"Marahaba, Mwalimu," akasema. "Ukinikuta nina kitu mdomoni, subiri nimeze kwanza."

Sikio lake la kulia lilikuwa limekufa kabisa. La kushoto lilisikia likipenda. Zamani, kabla sijamfahamu, alikuwa fundi wa matimba kwenye machimbo madogo ya upande wa Bulyanhulu; matimba ni yale magogo yanayosimikwa ndani ya duara, yaani shimo la machimbo, ili ardhi isiwaangukie wachimbaji. Habari ya sikio lile kila mtu mjini aliijua, maana aliisimulia mwenyewe, kila mara kwa maneno yaleyale kama anayesoma risala. Baruti iliwashwa. Mpiga filimbi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatoa watu shimoni, akawa amesinzia. Filimbi haikupigwa. Mlipuko ukamkuta Fundi bado yuko chini, akatolewa damu zinamtoka sikioni. Mpiga filimbi akafukuzwa kambini siku hiyohiyo, na godoro lake likarushwa nje.

"Na alistahili," watu walikuwa wanamalizia. Fundi mwenyewe hakuwahi kumalizia hivyo. Akifika kwenye godoro alinyamaza, akachukua randa, akaendelea na kazi. Mimi nilidhani ni uungwana tu.

Kuhusu alikotoka sina la kusema. Ukimuuliza alizaliwa wapi alijibu, "Nyumbani." Ukimuuliza nyumbani wapi alijibu, "Kwa mama." Alijua Kisukuma cha kutosha kugombana na Kiswahili cha kutosha kupatana. Alivaa kofia ya viua, Ijumaa mchana alifunga banda kwenda kuswali, na wateja wake karibu wote walikuwa Wakatoliki, kwa sababu katika nchi yetu hii gitaa la mbao limebaki mikononi mwa kwaya. Vijana wa muziki wa sherehe wana vinanda vya umeme. Fundi hakuwa na shida na hilo. "Dhambi zenu nyingine pelekeni kwa padri," alikuwa anatuambia. "Mimi nileteeni za gitaa tu."

Na kweli alitaka tumletee. Hakushika gitaa la mtu kabla ya kuuliza swali lake moja, "Limevunjikaje?" na kama jibu halikumridhisha alilirudisha gitaa kwenye mfuko, akafunga zipu mwenyewe, akakukabidhi. Kijana mmoja wa kwaya ya vijana alileta gitaa lililokatika shingo akasema limeangushwa na upepo. Fundi akamwangalia.

"Upepo huo una mikono?"

"Hapana, babu."

"Basi kautafute wenye mikono, uje nao."

Kijana akarudi siku ya tatu akiwa ameinamisha kichwa, akasema alimpiga nalo kaka yake mgongoni. Fundi akafurahi sana. "Sasa hilo ni pigo la ubavuni!" akasema, akalichukua gitaa. "Ningetafuta ufa kwa mbele, kumbe uko pembeni." Tukidhani alikuwa anatufundisha adabu, alikataa. Alisema fundi asiyejua nguvu ilitoka wapi ataziba pasipovunjika na kuacha palipovunjika. Mti hausemi uongo, alisema, ila unachelewa kusema, na yeye hakuwa na muda wa kuusubiri.

Gundi yake nayo ina habari yake. Hakutumia gundi za madukani kwenye gitaa. Alichukua vipande vya ngozi ya ng'ombe kutoka machinjioni, akaviloweka, akavikwangua, akavichemsha kwa moto mdogo kutwa nzima ndani ya kopo lililowekwa kwenye sufuria ya maji, mpaka ikatoka kitu kama uji wa rangi ya asali. Harufu yake ilimkosanisha na mama ntilie wa banda la pili, aliyesema wateja wake wanadhani ni chakula chake kimeoza. Wakapatana: Fundi atapika gundi siku ya mnada tu, mama ntilie akiwa ameenda kuuza mnadani.

Siku moja ya mnada mchimbaji mmoja, aliyekuwa amekesha akinywa, akapita pale asubuhi, akaona moto, akaona kopo, akaona mzee anakoroga. Fundi alikuwa amempa sikio bovu. Yule bwana akachota bakuli, akanywa lote, akasema hajawahi kunywa supu ya kongoro nzito namna ile, akaulizia ndimu. Fundi alipogeuka akakuta kopo limebaki nusu. Hakukasirika. Alimwambia tu, "Bwana mdogo, leo usikae juani. Utagandamana." Mpaka leo nikimwona yule mtu mjini, mzima wa afya, nacheka peke yangu.

Alikuwa na maneno makali juu ya gundi ya haraka ile ya kwenye kichupa kidogo. Aliiita gundi ya wezi. Lakini kandambili zake mwenyewe alizibandika kwa hiyohiyo, na kichupa alikificha ndani ya kofia. Nilipokiona kikidondoka alikiokota kwa heshima kabisa. "Kandambili haiimbi," akasema.

Jambo jingine ni kwamba alisema hapendi muziki. Alisema muziki ni kelele zilizovaa suti. Hakuwa na redio, na hakuwahi kupiga hata wimbo mmoja kwenye magitaa aliyoyatengeneza. Aligusa uzi mmoja, akang'ata, akagusa mwingine, basi. Nilimwamini miaka miwili. Kisha Jumapili moja, tukiwa tunaimba, nikamwona nje ya dirisha la kanisa, amesimama peke yake na mswaki mdomoni. Ule mswaki alikuwa nao siku zote, kijiti kirefu cha mti, na sisi wote tulidhani ni mtu wa kupenda kusafisha meno. Siku ile niliangalia vizuri. Ncha moja ilikuwa katika meno yake, na ncha nyingine alikuwa ameikandamiza kwenye fremu ya dirisha.

Nikamfuata bandani kwake kesho yake. "Fundi, jana tulikuona dirishani."

"Nilikuwa nakagua fremu," akasema. "Ina mchwa."

Ndipo nikamlazimisha anieleze. Akaniambia ni ufundi wa machimboni. Ndani ya duara, fundi wa matimba alisimika ncha ya kijiti kwenye gogo na kung'ata ncha nyingine, na meno yakamwambia kama gogo linaanza kulalamika, kabla sikio halijajua. Sikio linachezewa na upepo, alisema, jino linaguswa na mti wenyewe. Akanipa kijiti nijaribu kwenye mlango wa banda huku yeye akiugonga kwa ukucha kwa upande wa pili. Nilisikia ukucha ule ndani ya kichwa changu. Nilishtuka mpaka nikajing'ata ulimi, akacheka sana.

Sasa nije kwenye aibu yangu, maana haiwezekani kumweleza yeye nikajificha mimi.

Gitaa la kwaya yetu ni la nyuzi za nailoni. Mimi ndiye mpigaji. Juma moja kabla ya sikukuu ya somo wa parokia nyuzi mbili zilikatika, na mjini hakukuwa na nyuzi. Nikafanya kitu ambacho kila mpiga gitaa wa huku kwetu amewahi kufanya na hakuna anayekiri: nikanunua waya wa breki ya baiskeli, nikaufumua, nikafunga nyuzi sita za chuma. Gitaa likatoa sauti ya kufika mpaka barabara kuu. Kwaya nzima ikanisifu, na mimi nikasifika. Sikukuu ikapita vizuri.

Lakini chuma kinavuta kuliko nailoni, na gitaa lile halikuumbwa kuvutwa hivyo. Baada ya siku chache tumbo lake lilikuwa limevimba kama la ng'ombe aliyekula majani mabichi kupita kiasi, na lile daraja, kipande cha mbao kinachoshika nyuzi pale tumboni, lilikuwa limeanza kuinuka. Niliona kwa macho yangu. Nikafungua nyaya, nikazitupa chooni, nikalirudisha gitaa kwenye mfuko pamoja na nailoni mpya za kufunga siku ya kupiga, nikafunga zipu. Nikamwachia Mungu, ambaye naye sikumwambia.

Jumamosi tulikuwa na ibada kwenye kigango kimoja cha mbali. Gitaa lilibebwa kwenye bodaboda na Mama Kulwa. Huyu ni mama wa mapacha, muuza mchele, na kiongozi wetu wa sauti ya kwanza. Akifungua mdomo hata watoto wanaolia wananyamaza ili wasikie wanashindana na nani. Alilikumbatia lile gitaa njia nzima. Tulipofungua mfuko mbele ya watu, daraja lilikuwa limebanduka, limelala chini ya mfuko kama jino lililong'oka.

"Bodaboda hizi!" akasema mwenyekiti wetu, na watu wote wakamgeukia Mama Kulwa.

"Jamani, mnisamehe," akasema Mama Kulwa. "Labda lile korongo la pale mtoni. Tuliruka kidogo."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Haina neno, mama. Ajali haina kinga."

Mama Kulwa hakuja mazoezini juma lililofuata. Wala lililofuata. Alisema ana kazi ya mpunga, na mpunga ulikuwa bado haujakomaa. Jumapili zikapita, sauti ya kwanza ikaimbwa na wasichana watatu wakigombea nani aongoze, na mimi nikawa nakaa pale bila gitaa, nikijiambia likitengenezwa mambo yatarudi yenyewe.

Nikalipeleka kwa Fundi. "Limevunjikaje?" "Limegongwa kwenye bodaboda," nikasema, "mama mmoja wa kwaya alikuwa amelibeba." Akaling'ata. Akaligonga. Akaingiza kioo cha pikipiki kwenye tundu la gitaa, akamulika kwa simu, akachungulia muda mrefu. Kisha akapitisha ukucha juu ya ule mfupa mdogo wa kwenye daraja unaopitiwa na nyuzi.

"Mwalimu, hili halijagongwa," akasema. "Hili limevutwa. Mgongoni hakuna hata mkwaruzo. Rudi ukiwa na habari kamili."

Nikarudi mara ya pili na habari ya jua. Jua la Shinyanga na Geita linaweza kusingiziwa lolote, nikadhani litanisaidia. "Jua halichimbi mifereji kwenye mfupa," akasema, akanionyesha vijimfereji sita vyembamba, vikali. Akafunga zipu.

Mara ya tatu nikamwambia yote. Alisikiliza kwa sikio lile la kushoto, amelielekeza kwangu, na mimi nikalazimika kuitamka aibu yangu kwa sauti kubwa mpaka wakoboa mpunga wakatazama. Nilipomaliza akauliza, "Breki ya mbele au ya nyuma?"

"Ya nyuma."

"Afadhali. Ya mbele isingefika."

Nikacheka, nikaona yamekwisha. Akachukua gitaa. Kisha, bila kuniangalia, akasema, "Haya, mimi nimejua. Na yule mayu, yule mama aliyelibeba, amejua?"

Sikulala vizuri, sina haja ya kueleza. Kesho yake nikaenda kwa Mama Kulwa. Nilimkuta anapepeta mchele uani, akanikaribisha vizuri, akaniletea kiti, na wema wake ukanifanya nitamani anitukane. Nikamwambia. Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Kwa hiyo si korongo," akasema.

"Si korongo, mama."

"Nimekaa nyumbani Jumapili tano, Mwalimu. Naamka, navaa, navua." Akaanza kupepeta tena, kwa nguvu, pumba zikanijia usoni, na naamini haikuwa kwa bahati mbaya. "Nimekusikia. Lakini wewe uliniacha mbele ya watu, halafu unakuja kuniokota uani? Kaseme mazoezini."

Nikasema mazoezini. Mwenyekiti alikohoa, wasichana watatu wa sauti ya kwanza wakanitazama kama wamemwona mwalimu wao anachungulia mtihani. Mama Kulwa alikuwa amesimama mlangoni. Nilipomaliza akaingia, akawasogeza wale wasichana kwa nyonga, akashika nafasi yake. "Tuanze," akasema. Sijawahi kufurahi mazoezini kama siku ile.

Fundi alinisubiri nirudi ndipo aanze, na akanishikisha taa. Ndani ya gitaa kuna mbavu, vijiti vyembamba vilivyobandikwa chini ya tumbo kulizuia lisizame wala kuvimba, na mbili kati yake zilikuwa zimeachia. Akachonga viguzo vidogo sana, virefu kama kidole, akaviingiza kwa kupitia tundu la gitaa, kimoja kimoja, akavisimika kati ya mgongo na ubavu uliolegea, na chini ya kila kimoja akakaza kabari. Nilichungulia kwenye kioo cha pikipiki nikaona duara zima mle ndani, limesimikwa matimba. Alifanya kazi kwa ncha za vidole, akiwa ameuma kijiti, ncha ya pili iko juu ya gitaa.

Daraja alilibandika mwisho. Alijaribu gundi kati ya kidole gumba na cha shahada, akiitanua na kuibana, mpaka ikavuta nyuzi kama utando wa buibui. Akapaka, akabandika, akalifunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, akaweka juu yake jiwe dogo la kusagia. "Siku tatu, mtu asiliguse," akasema. "Hata padri."

"Litashika mpaka lini?"

"Mpaka lichoke. Gundi nzuri ni ile inayokubali kuachia, Mwalimu. Ikikataa kuachia, siku ya siku utavunjika mti, gundi itabaki inajisifu."

Jumapili ya kwanza Mama Kulwa alipoimba na gitaa lile, dirishani palikuwa na mzee na mswaki wake. Alisema baadaye kwamba mchwa umeongezeka.

Gitaa likakaa miaka saba. Fundi alikuwa mtu wa furaha, na katika miaka hiyo nilipita kwake mara nyingi bila kazi yoyote, kunywa chai na kutaniwa juu ya breki. Lakini sikio la kushoto nalo likawa linaondoka kidogokidogo, na wateja wakapungua kwa sababu watu hawapendi kukiri kwa kelele. Mwishowe nikawa naandika. Mimi ni mwalimu, daftari sikosi. Nilimwandikia kwa herufi kubwa, akasoma taratibu akifuata kwa kidole, akajibu kwa mdomo.

Mwaka huu, kiangazi, daraja likaachia. Niliona ufa mwembamba chini yake, nikalegeza nyuzi, nikalipeleka siku hiyohiyo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kilekile. Hakungoja niketi.

"Limevunjikaje?"

Nikaandika: *Limechoka. Joto. Nyuzi ni nailoni.*

Akaling'ata, akaligonga. Kisha akatikisa kichwa, ameridhika. "Kweli tupu. Hili umelilea vizuri." Nikajisikia kama mtoto aliyepata mia kwa mia.

Lakini hakuanza kazi. Aliliweka pembeni, akaugusa upande wa kulia wa kichwa chake. "Miaka yote hii, Mwalimu, hujawahi kuniuliza mimi."

Nikaandika: *Nini?*

"Swali langu."

Nikafungua ukurasa mpya. Kisha nikaliandika: *Limevunjikaje?* Nikampa daftari. Neno lenyewe ni moja tu, lakini alilisoma kwa muda mrefu.

"Filimbi niliisikia," akasema.

Akanieleza akiangalia chini. Asubuhi ile alikuwa amesimika gogo la mti ambao wenzake walimcheka kwamba hautashika. Wenzake walipanda mapema kwenda kunywa chai kambini, kwa hiyo filimbi ilipopigwa ilimkuta yeye peke yake chini. Yeye akabaki, kidogo tu, alikuwa na hamu ya kusikia kama gogo lake litalalamika au litanyamaza. Hakuridhika na kijiti. Akaweka sikio kabisa, la kulia. Walipomtoa wakamuuliza kwa nini hakupanda, na yeye, akiwa na damu shingoni na aibu ya kuonekana mjinga, akasema hakusikia filimbi. Ni hilo tu. Mengine waliyamalizia wao.

Nikaandika: *Gogo lilishika?*

"Lilishika," akasema, na akatokwa machozi. "Lilishika vizuri sana."

Dereva mmoja wa lori alikuwa amemwambia kwamba yule mpiga filimbi yu hai, anaziba pancha za baiskeli Chato, karibu na stendi. Fundi alitaka kwenda. Kusema angesema, alieleza. Ila mtu yule angejibu, na yeye asingesikia anachojibiwa, na hakuwa radhi kusema neno kama lile kisha akaondoka bila jibu. "Twende ukanisikilizie, Mwalimu."

Tulikwenda Jumamosi, tukabadilisha gari Katoro. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi, na mswaki wake mfukoni. Njia nzima alikuwa mchangamfu, akinionyesha nyumba zilizoezekwa vibaya. Tulipofika kwenye banda lile, nyaya mpya za breki zilikuwa zimening'inia mlangoni, akanigusa na kiwiko. "Nyuzi zako hizo." Kisha akamwona mwenye banda, na utani ukamwishia.

Alikuwa mzee mdogo wa mwili, amechutama mbele ya beseni la maji, anazungusha mpira kutafuta mapovu. Alimtazama Fundi mara moja, akamjua, akaendelea kuzungusha.

Fundi akasema. Kwa kuwa hakujisikia mwenyewe, alisema kwa sauti kubwa kupita kiasi, na stendi yote ikasikia: makondakta, wauza karanga, abiria waliokaa kwenye mizigo. "Filimbi ulipiga! Mimi niliisikia! Nilidanganya, wakakufukuza, wakatupa godoro lako! Sina la kujitetea!"

Mzee akatoa mpira kwenye maji, akaukausha kwa kitambaa, akaweka alama ya chaki pale penye tundu. Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, "Mwambie nilipiga mara tatu."

Nikaandika, nikampa. Fundi akasoma. "Tatu," akasema. "Ndiyo. Tatu."

Akatoa mswaki mfukoni, akasogea kwenye meza ya mbao ya yule mzee, ile yenye vyombo vya kazi, akaikandamiza ncha moja ya kijiti juu ya meza na nyingine akaing'ata. Akainua vidole vitatu. Yule mzee akanitazama kuniuliza ni wazimu gani huu, nami nikamwashiria agonge. Akachukua spana, akagonga meza, mara moja. Akangoja. Akagonga tena. Akangoja kidogo, jinsi nadhani alivyokuwa akingoja zamani, akagonga ya tatu.

Fundi akatoa kijiti mdomoni. "Nimesikia," akasema, safari hii polepole. "Na siku ile nilisikia."

Mzee akaweka spana chini. Kwa mguu akavuta kigoda cha pili mpaka penye kivuli, akakipiga kofi mara mbili kukipangusa vumbi. Fundi akaenda akaketi. Wakakaa wanaangalia beseni la maji, wote wawili, na mimi nilikuwa nimesimama na daftari wazi na kalamu mkononi, na hapakuwa na kitu cha kuandika.